Kumsindikiza Nunzia

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, nilikuwa nimelala chali chini ya kitanda cha mgonjwa katika karakana ya hospitali kule Jette, Brussels, nikifungua mota inayoinua upande wa kichwa, simu yangu ilipolia. Huwa sipokei simu nikiwa kazini, lakini namba ilikuwa ngeni na ililia tena mara tu ilipokatika. Mwanamke alisema kwa Kifaransa kwamba yeye ni Cécile, binti wa Armand wa Forest, mtaa mwingine wa Brussels. Baba yake alikuwa amefariki kule kisiwani, Italia. Mwili ungeletwa Brussels azikwe karibu na mke wake, na kabla ya kufa aliomba niambiwe. Nilimpa pole. Nikarudi chini, nikafunga mota, nikajaribu kitanda juu na chini kama inavyotakiwa, na kilipotulia ndipo nikakaa juu yake.

Nyumbani kwetu Armand halikuwa tena jina la mtu, lilikuwa jina la tendo. Mtu akikopa asirudishe, tunasema amefanya ki-Armand. Watoto wangu, ambao hawajawahi kumwona mzee huyo, walipokuwa wadogo walitupiana neno hilo wakigombania zamu ya kuosha vyombo. Hata katika kikundi chetu cha maombi limetumika, tena na watu wasiojua lilianzia wapi. Mimi najua lilianzia wapi. Lilianza Jumapili niliporudi kutoka kisiwani na begi moja, nikaenda kula mchana kwa Tonton Faustin, mzee wa watu wa Bukavu katika mtaa wetu, aliyekuwa na kawaida ya kumhoji kila anayerudi safari kabla hajanawa mikono. "Bon, Deo," alisema, "miezi yote ile ku bahari. Sasa uko na ngapi mu mufuko?" Nikasema mzungu hakunilipa miezi miwili ya mwisho. "Ngapi?" Nikasema, "Mille deux cent quarante," elfu moja mia mbili na arobaini. Meza nzima ilisonya. Mama mmoja alinisukumia kipande kikubwa zaidi cha samaki. Nimelipima jibu langu lile mara nyingi tangu siku hiyo, na neno kwa neno halikuwa uongo. Hakunilipa. Ila nilimwacha kila mtu pale mezani aelewe jambo lingine, nikala yule samaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikipanga chumba cha juu katika nyumba ya Armand. Yeye alikuwa msimamizi mstaafu wa kiwanda cha magari, mjane, na kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono na mguu wa kushoto. Zamani yeye na mkewe walikuwa wamenunua nyumba katika kijiji cha kisiwa kidogo kusini mwa Italia, kwa ajili ya uzee wao. Mke akafa, mkono ukafa, na yeye akaamua kwenda hivyo hivyo. Aliniomba niende naye mwaka mmoja: nipike, nimwogeshe, nimshike kwenye ngazi. Yuro mia sita na ishirini kwa mwezi, chakula na malazi juu yake, malipo kila baada ya miezi miwili anapotoa pensheni yake benki. Nilinunua kitabu kikuukuu cha sarufi ya Kiitaliano, cha shule, kikiwa na majibu ya mtoto mwingine yaliyoandikwa kwa penseli, mengi yamekosewa. Meli ilipotia nanga nilikuwa nimefika somo la tisa, na niliamini nimejiandaa.

Kijiji kilikuwa mtaa mmoja wa ngazi, kutoka kanisani hadi bandarini, na nyumba zimeegemeana pande zote mbili. Sijawahi kukaa mahali penye kimya kama kile. Baada ya chakula cha mchana madirisha yalifungwa na hata mbwa hawakubweka hadi jua lipungue. Jioni wanawake walitoa viti nje, wakakaa na kazi zao mapajani, lakini waliketi wakiwa wameipa njia mgongo na kuangalia ukuta wa nyumba zao. Nilidhani ni haya. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba migongo ile iliona kila kitu. Jiko letu lilikuwa na sakafu ya vigae vya buluu, meza ya mbao laini iliyokatwakatwa na visu, na dirisha lililofunguka moja kwa moja juu ya ngazi. Mezani palikaa daima chupa pana ya vichipukizi vya kapperi, mmea wa kisiwa kile, vilivyohifadhiwa kwa chumvi. Viliingia katika kila tunachokula: nyanya, dengu, samaki wadogo wa chumvi ambao harufu yao ilinikumbusha ndagala, wale dagaa wa ziwa Kivu.

Mkate uliletwa na Nunzia. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mjane wa mvuvi, akikaa vyumba viwili chini ya nyumba ya mama mkwe wake, Signora Tina, karibu kabisa na bandari. Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na tanuri la mawe alilolijenga marehemu mumewe. Ndilo lililomlisha: alioka kwa ajili ya mtaa mzima wa chini, na kwa Armand alipanda mwenyewe kila jioni, kwa sababu Armand hakuweza kushuka. Aliweka mkate mezani, akakubali kikombe cha kahawa, akaketi. Mazungumzo yalikuwa ya vipande, Kifaransa cha Armand, Kiitaliano changu cha somo la kumi na mbili, na vicheko vyake vya kujaza mapengo. Kisha alisimama kuondoka. Na mimi nilisimama naye.

Kwetu Bukavu mgeni hatoki peke yake. Umlishe usimlishe, akiaga unatoka naye, unashuka naye kilima, mnaongea yale ambayo hamkuyasema ndani, na mkiachana njiani ndipo ziara imekwisha. Kumwacha mtu mlangoni ni kumwambia amekaa sana. Sikuwahi kufikiri kuwa hiyo ni desturi. Niliiona kama kumpa mtu maji ya kunywa. Kwa hiyo jioni ya kwanza nilitoka na Nunzia. Baada ya ngazi chache aligeuka akauliza kama nimesahau kitu. Nikasema hapana, ninatembea nawe. Alinitazama, akatazama chini mtaani, kwenye ile migongo yote, na akasema, "Haya." Nilichukua kikapu chake kitupu, maana mwanamke hashuki akibeba kitu na mwanamume ananing'iniza mikono. Nilimfikisha mlangoni, nikamtakia usiku mwema, nikapanda. Nilifanya hivyo jioni zote za majira ya baridi na za masika. Armand alitania, "Deo, unaogopa ataanguka? Ameshuka ngazi hizo tangu akiwa mtoto." Nilimweleza desturi yetu. Aliipenda. Naye alikuwa mgeni kama mimi, hakujua zaidi.

Jumapili moja nilipika bugali. Unga wao wa mahindi ni wa njano na mwepesi, nikausonga kwa nguvu hadi Armand akahofia sufuria lake. Niliupakua na majani ya mwituni niliyochuma nyuma ya kanisa na wale samaki wa chumvi. Armand alikula kwa uma, kwa heshima, kama mtu anayekula dawa. Nunzia aliniangalia ninavyomega, ninavyobonyeza kwa dole gumba, akafanya hivyo hivyo, akamaliza sahani na kuomba tena. Siku ile tukishuka alinieleza habari za mumewe, kwamba alikuwa mwema lakini alitembea daima hatua kumi mbele yake. Sikuelewa kwa nini ananiambia hilo. Nilidhani ni mazoezi ya somo la vielezi vya umbali. Ninaandika sentensi hiyo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa: kijana aliyejua mambo kutoka vitabuni na kuyakosa yaliyo mbele ya macho.

Mwezi wa tano, mchana, nilikuwa nikisugua sakafu ya jiko kwa magoti. Chini ya dirisha wanawake wawili walikuwa wakimenya maharage mabichi. Kufikia wakati huo nilikuwa ninaelewa.

"Leo atafika mlangoni?"

"Jana alifika. Na kikapu kambebea."

"Marehemu hakuwahi kumbebea hata leso."

"Yule kijana wa Mbelgiji ana adabu."

"Mpe kikapu chako basi, uone adabu inaishia wapi."

Walicheka hadi maharage yakaanguka. Kisha yule wa pili akasema, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetaja bei ya sabuni: "Tina anangoja tu Nunzia aseme harusi lini. Hapa mwanamume hamfikishi mjane mlangoni kila jioni bure. Kasema tanuri ni la mwanawe na vyumba ni vya mwanawe. Anayetaka mume mpya, aende kwenye tanuri la mume mpya."

Nilibaki pale chini, kitambaa kinanichuruzikia maji mikononi. Niliona kila jioni ya miezi ile upya, kama mtu anayeonyeshwa picha za sherehe ambayo alikwenda amevaa shati kinyume. Ukweli ni kwamba sikumfikiria Nunzia kwanza. Nilifikiri juu ya migongo, na juu yangu mimi nikipita katikati yao na kikapu, nikitabasamu, nikisema jioni njema. Fikira ya tanuri ilikuja ya pili. Ilipokuja niliikumbatia, kwa sababu ilinipa sababu nzuri ya kufanya kile nilichokuwa nimeshaamua.

Jioni hiyo alileta mkate kama kawaida. Alikunywa kahawa. Alisimama, akaaga Armand, akatoka, akasimama kwenye ngazi ya kwanza na kikapu mkononi akinisubiri. Nilisema, "Jioni njema, Signora," nikageukia sinki nikaanza kuosha vikombe. Kila siku nilikuwa nikimwita Nunzia. Maji yalikuwa yakitiririka, lakini nilijua bado amesimama, kwa sababu kivuli chake kilikuwa juu ya vile vigae vya buluu. Kisha kivuli kikaondoka. Sikumweleza, ingawa maneno nilikuwa nayo. Sarufi ilikuwa imekwisha, nilikuwa nimefika hata kwenye sentensi za masharti. Ningeweza kusema: ukiendelea kusindikizwa nami, utapoteza nyumba. Nilisikia tu kwamba mtaani, pale ambapo huwa kuna minong'ono, pamekuwa kimya, na halafu vikakwaruza viti kadhaa. Wanawake walikuwa wamegeuza viti kumtazama akishuka peke yake.

Kabla ya wiki kwisha, mkate uliletwa na mpwa wa Signora Tina. Tanuri lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na Nunzia alikuwa amepewa hadi mwisho wa mwezi kuondoa vitu vyake. Armand aliniuliza kuna nini. Nilisema sijui. Aliniuliza tena wakati ninamnyoa, akiwa ameshika kifundo cha mkono wangu kwa mkono wake mzima, na nikasema tena sijui. Siku mbili baadaye, saa za madirisha kufungwa, nilimpikia chakula, nikakifunika kwa kitambaa, nikaweka simu karibu na mkono wake wa kulia, nikamwacha amelala. Nilimwomba mwenye duka la dawa apite kumwona jioni. Nikashuka zile ngazi na begi. Hapakuwa na mtu hata mmoja nje, na bado nilitembea upande wa kivuli. Ilikuwa siku tatu kabla ya Armand kutoa pensheni.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani tulipokwenda mazishini. Mke wangu, Espérance, ndiye aliyesisitiza. Alikuwa amesikia hadithi ya mshahara kabla hata hatujaoana. "Tuende," alisema akifunga kilemba cheusi. "Tutaikala nyuma. Miye nataka tu nione picha ya ule muzee mwenye alikula franga yako. Muntu anakufa, tunamusamehe, lakini nione sura yake." Kanisani Forest tulikaa nyuma. Picha ilimwonyesha Armand mezani kwenye jiko lile, mzee kuliko nilivyomwacha, na mbele yake ile chupa ya chumvi. "Haiko na sura ya mwizi," Espérance alininong'oneza, kana kwamba mtu amemuuzia kitu tofauti na alichoagiza.

Baada ya kutoka kaburini palikuwa na kahawa katika ukumbi wa parokia, mikate midogo ya jibini na keki ya wali. Mwanamke mwenye nywele fupi za mvi alikuja moja kwa moja mezani kwetu. Mikono yake ilikuwa na alama za zamani za moto, kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. Nilimtambua kwa namna alivyosubiri nisimame. Alizungumza Kifaransa, na kilikuwa Kifaransa cha Armand kitupu, na lafudhi yote ya Forest. Cécile alikuwa ametuambia mlangoni kwamba baba yake alitunzwa na mwanamke mmoja wa kijijini tangu mwaka nilioondoka mimi. Hakutaja jina.

"Wewe ndiye mke wa Deo," Nunzia alimwambia Espérance. "Nilikufikiria mwembamba."

"Nilikuwa mwembamba," Espérance akajibu, "kabla sijajua mikate ya nchi hii."

Walicheka, na Nunzia akaketi. Kwa muda kidogo nilidhani nimepona. Walizungumza juu ya magoti, juu ya ndege, juu ya uzito wa Armand katika miaka yake ya mwisho. Kisha Espérance, ambaye hana ubaya ila hana subira, alisogeza kikombe chake. "Madame, mzee tumemzika, sitaki neno baya. Lakini wewe ulikuwa kule. Ni kweli hakumlipa mume wangu?"

Cécile alikuwa nyuma yetu na birika la kahawa. Nilimwona akisimama. Nunzia alinitazama, si kwa ukali. Alitazama mkono wa mke wangu uliokuwa juu ya mkono wangu. "Ni kweli," alisema. "Hakumlipa."

Yalikuwa maneno yangu yenyewe, yale ya kwa Tonton Faustin. Alikuwa amenifunika mbele ya watu, mimi ambaye nilimwacha asimame kwenye ngazi. Sikuhitaji kufanya lolote. Ningekunywa kahawa, Cécile angemimina na kuendelea na meza nyingine, na Armand angebaki tendo katika vinywa vya watu wetu, na sasa katika kichwa cha binti yake pia, siku ya mazishi yake. Nilisimama, kwa sababu nikiwa nimekaa sauti haikutoka. Nilisema kwa Kifaransa kwamba Armand hakunidhulumu. Nilisema nilimtoroka akiwa amelala, kabla ya siku ya malipo, na kwamba nilirudi Brussels nikaacha watu waamini vingine. Cécile aliniwekea kahawa, kikombe kikajaa hadi kwenye sahani, akaenda.

Espérance alirudi kwenye Kiswahili. "Donc weye njo ulimukimbia."

"Ndiyo."

"Na batoto banasema Armand, Armand, mu nyumba yangu, miaka yote hii."

"Ndiyo."

"Na miye nilisemaka vile ata ku kanisa." Aliisukuma keki. Hadi leo kuna siku ananitazama kama alivyotazama ile picha. Kisha aliona Nunzia anavaa koti. "Ule mama anarudi. Simama umusindikize. Ama ile nayo ulisahau?"

Nyumba ya Cécile, ambako Nunzia alikuwa amefikia, iko juu ya kilima, upande wa pili wa bustani ya Forest. Tulipanda polepole. Sikubeba kitu chake. Alikuwa na mkoba mdogo tu na aliushika mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini alisema ni kweli. "Kwa sababu ni kweli," alisema. "Na kwa sababu mkeo alikuwa amekaa pale." Nikaanza kumweleza habari ya dirisha, maharage, tanuri, kwamba sikujua kule kwao kumfikisha mjane mlangoni kuna maana gani. Alinikatiza.

"Mimi nilijua. Jioni ya kwanza, nilipokuuliza kama umesahau kitu, nilijua wote watasema nini. Nikasema haya. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, Deo. Nilipenda kushuka na mtu anayetembea kando yangu. Waache waseme, nilifikiri, nitajibu mwenyewe. Tina alikuwa akinitishia tangu mwaka uliotangulia, na hakuthubutu. Unajua alithubutu lini? Uliponiacha kwenye ngazi. Mwanamke anayesemwa, wanamwogopa kidogo. Mwanamke aliyekataliwa hata na mtumishi wa Mbelgiji, wanamfungia tanuri."

Tramu ilipita chini yetu. Kwa miaka yote nilikuwa nimeona haya kwa kosa la kumsindikiza, ambalo halikuwa kosa.

Mlangoni kwa Cécile alitafuta ufunguo. Alisema kwamba siku nilipoondoka mwenye duka la dawa alimwita yeye, kwa sababu hakuwa na pa kwenda na Armand hakuwa na mtu. Alisema mshahara wangu ulikaa mezani chini ya chupa ya kapperi kiangazi chote, hadi noti zikaingia chumvi, na Armand hakuruhusu uguswe. Majira ya mvua alisema, "Deo harudi, na mimi siwezi kula mkate wa Tina." Akaagiza tanuri la umeme kutoka mjini. Likapandishwa ngazi zile na wanaume wanne, mtaa mzima umegeuza viti. Nunzia bado anaokea humo.

Nilimuuliza lilikuwa bei gani. Najua ni swali la ajabu kuulizwa mlangoni na mtu kama mimi.

"Elfu moja mia tatu," Nunzia alisema, mlango ukiwa umeshafunguka. "Sitini niliongeza mimi."